Alama za Kujieleza

Ninayotaka kuwaandikia hapa hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, nimekalishwa kiti cha mbele, kuna asubuhi naamka najiambia: Bartholomeo, hayo uliyaota. Sikuyaota. Mwanamke aliyezaliwa mlimani, akanyonya mlimani, akaota meno na kuyang'oa akila mboga za mlimani, aliambiwa na watu wa mjini kwamba mlima wenyewe haujui. Akaandikiwa na barua ya kuthibitisha kwamba haujui, na barua ikamtakia kila la heri.

Elimu yangu mimi ni darasa la sita. Sikuishia hapo kwa ujinga, kama wanavyosema watu wa Mlali wenye wivu. Niliishia hapo kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kunifundisha yote aliyoyajua, tukabaki tunatazamana tu. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda humu, jueni imepinda kwa makusudi.

Magdalena ni mtoto wa dada yangu, marehemu Catherine. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mtu wa kumsemea mbele ya watu ni mjomba. Baba ana heshima yake, simpunguzii, lakini ikija posa anaitwa mjomba. Ukija msiba, mjomba. Shamba la ukoo likigawanywa, mjomba ndiye anayeonyesha mpaka kwa kidole. Na mjomba akishafungua mdomo mbele ya wageni, mpwa hufunga wake. Hafungi kwa woga. Ndivyo alivyolelewa, kama vile wewe ulivyolelewa usimkate mzee kauli, labda kama ulilelewa vibaya.

Alianza kuchora kwa mkaa, yuko darasa la pili. Siku moja nikakuta sura yangu kwenye mlango wa jiko la dada, pua imejaa ubao mzima. Wakati huo nilikuwa kijana mzuri kuliko wote kuanzia Mlali mpaka Mzumbe, na wanawake waliokuwepo wakati huo bado wako hai, waulizeni. Nikamwita.

"Wewe, hii pua ya nani?"

"Ya kwako, Mjomba."

"Mbona kubwa hivi?"

"Nimeipunguza."

Basi nikajua huyu ana jicho, na tena hana adabu, na mchoraji anahitaji vyote viwili.

Alipomaliza kidato cha nne nilimpeleka mwenyewe mjini Morogoro, kwa fundi Luqmani, mchora mabango wa pale Sabasaba. Fundi alikuwa mtu mwembamba, msema kidogo, kanzu yake ina madoa ya rangi zote zilizowahi kuuzwa dukani. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza sifa za mtoto kwa saa nzima. Hakunipa nafasi. Alimpa Magdalena brashi iliyokwisha manyoya na kopo la rangi nyeusi, akamwonyesha kipande cha bati.

"Andika DUKA."

Akaandika. Fundi akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Kesho njoo saa moja."

Jaribio la kwanza la maisha yake lilikuwa hilo, neno moja, herufi nne. Alikaa pale miaka kumi na moja. Alijifunza kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kuandika nyuma ya lori huku vijana wanapakia magunia na lori linatikisika, kuchora kuku wa kukaanga mpaka mpita njia anameza mate. Herufi zake zilisimama kama wanakwaya siku ya Pasaka, hakuna anayemzidi mwenzake bega. Pale Mzumbe aliandika bango la kibanda cha chipsi, wanachuo wakawa wanapigia picha mbele yake. Nilipita siku moja nikawaambia, "Aliyeandika hilo ni mpwa wangu, na mkono huo ameurithi kwangu." Wakasema, "Sawa, mzee." Vijana wa siku hizi wana heshima, hawabishani.

Kisha zikaja mashine. Bango la plastiki, unalipa asubuhi, mchana limetoka, lina picha yako mwenyewe unacheka. Nani atakaa siku tatu kumsubiri Magdalena akaushe rangi? Wateja walipungua mmoja mmoja, kama watu wanavyotoka msibani, bila kuaga. Fundi Luqmani akafunga kibanda akarudi kwao Mikese. Alipoondoka alimwachia Magdalena brashi zake zote, akamwambia, "Kajifunze na hiyo mashine, binti. Mimi nimechelewa, wewe bado."

Akajifunza. Kozi ya jioni, mwaka mzima, ameketi na watoto aliowazidi miaka kumi na tano. Akaijua kompyuta vizuri. Na hapo ndipo alipoanza kuomba kazi, na ndipo mimi nilipojifunza neno jaribio.

Enzi zetu mtu alikuajiri kwa kukutazama mikono. Sasa unaambiwa utume kazi zako za zamani. Ukishatuma, unapewa jaribio. Ukishafaulu jaribio, unapewa jaribio jingine la kuona kama lile la kwanza halikuwa bahati. Magdalena alifanya majaribio mpaka akawa anaitwa shangazi na washiriki wenzake. Alitengeneza kadi ya harusi ya watu ambao hawapo. Alitengeneza tangazo la shule ambayo haijajengwa. Mahali pengine walimwambia abuni nembo ya kampuni ya kuku, kwa siku mbili, bila malipo, maana ni jaribio tu. Akabuni kuku mmoja ana madaha, kifua mbele, jicho moja linakukonyeza. Wakasema watampigia. Hawakupiga.

Miezi minne baadaye aliyepiga ni fundi Luqmani, kutoka Mikese.

"Magda, kuku wako amepita hapa barabarani."

"Kuku gani, fundi?"

"Yuko ubavuni mwa gari, anaelekea Dar. Jicho ni lako lile, sijakosea. Hongera, kumbe ulipata kazi."

Hakuwa amepata kazi. Kuku ndiye aliyepata. Nikataka twende tukawashitaki, nikavaa na koti. Magdalena akanionyesha fomu aliyoisaini: kazi yoyote ya jaribio ni mali ya kampuni. Nikavua koti. Jina la kampuni hiyo silitaji, mimi si mtu wa kesi.

Wakati huo dada yangu Catherine alikuwa amekwisha kufariki, na shamba lake la mteremkoni, lile la kabichi, lilikuwa limelala msimu wa pili. Ukoo ukaanza kuniuliza. Shamba la ukoo halilali misimu mitatu. Magdalena alirudi kukaa kwangu Mlali, lakini jembe hakulishika. Jioni moja, anamenya viazi, aliniambia huku hanitazami:

"Mjomba, nipe mpaka masika. Kuna nafasi moja mjini, mchoraji, ajira ya kudumu. Wanasema umri usizidi thelathini na tano. Mwezi wa nne natimiza thelathini na sita."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa nalima. Nyingine sitaomba, maana hakuna nitakayoruhusiwa kuomba." Akamenya kiazi kizima kabla ya kuendelea. "Sitaki kufa nikiwa na kazi mikononi ambayo hakuna anayeitaka."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Naomba mlikumbuke neno hilo, mimi nipo, maana ndilo lililommaliza.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya matangazo, kwenye jengo la vioo. Kwanza walitaka picha za kazi zake za zamani. Sasa malori hayakai mahali pamoja, na maduka yalikwisha kuvaa plastiki. Magdalena akazunguka mjini siku tatu na simu yake, akiwaomba wenye maduka wanyanyue kona ya bango la plastiki, kwa sababu chini yake, ukutani, herufi zake bado zilikuwepo. Wengine walinyanyua. Mwingine alimwambia, "Dada, unatafuta panya?" Akapiga picha zake hivyo hivyo, nusu nusu, akatuma.

Akapita. Wakampa jaribio la nyumbani, tangazo la chanjo. Akapita. Walioomba walikuwa zaidi ya themanini, wakabaki watano. Hao watano wakaitwa kwa jaribio la mwisho: siku nzima pale pale ofisini, na jioni kila mmoja anasimama mbele ya wakubwa anaeleza kazi yake. Magdalena alinisomea alama zilivyogawanywa. Ustadi arobaini, ubunifu thelathini, kasi ishirini, kujieleza kumi.

"Hizo kumi ndogo," nikasema, "hizo ni za bure."

Asubuhi hiyo nilivaa koti, nikabeba kikapu: kabichi tatu, karoti, na matunda damu ya juu Mgeta. Magdalena akasimama mlangoni.

"Mjomba, unakwenda wapi?"

"Nakupeleka."

"Ni usaili, Mjomba. Watu wanakwenda peke yao."

"Watu wasio na wajomba. Marehemu mama yako akiniuliza siku ya siku, Bartholomeo, mwanangu alikwenda kuomba kwa watu na nani, nimjibu nini?"

Ukimtaja mama yake, Magdalena hukubali. Tukapanda lori la nyanya.

Pale mapokezi palikuwa na binti, kucha ndefu, sauti tamu. Aliponiona na kikapu akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Mboga leo hatununui."

"Marahaba. Siuzi. Nimemleta mtoto."

Akachungulia nyuma yangu, akitafuta mtoto. Akamwona mwanamke wa miaka thelathini na tano, mvi mbili juu ya paji, bahasha mkononi.

"Mtoto yupi, mzee?"

"Si huyo hapo?"

Magdalena alitazama sakafu. Kikapu changu binti akakisogeza chini ya meza kwa ncha ya kiatu, akasema hawaruhusiwi kupokea zawadi, itaonekana rushwa. Nimeishi miaka sitini na saba nikijua kabichi ni kabichi.

Nikakaa. Ukuta ulikuwa wa kioo, niliona kila kitu, na mlango ulipofunguliwa nilisikia. Watano wale walipewa kazi moja: nembo ya kubandika kwenye chupa ya maji ya kunywa, na juu yake lazima uwepo mlima wa Uluguru. Niliposikia hivyo nilicheka kwa sauti, binti wa mapokezi akashtuka. Wanamwuliza Magdalena kuhusu Uluguru! Ni sawa na kumwuliza samaki kuhusu unyevu. Usiku uliotangulia, kabla hata hatujajua kazi itakuwa ipi, nilikuwa nimemwambia, "Wewe chora ulichokiona kwa macho yako, vya watu waachie watu." Naona alinisikiliza. Alianza kwa penseli, karatasi, muda mrefu, hagusi kompyuta. Pembeni yake alikaa kijana anaitwa Ahmadi, kaja kutoka Dar, masikio ameyaziba kwa vitu vyake. Huyo aliiandikia kompyuta maneno machache, ikamchorea mlima. Akauangalia, akaiandikia tena, ikamchorea mwingine. Saa sita amemaliza, yuko nje anakunywa soda. Magdalena alimaliza saa tisa kasoro dakika mbili, jasho limemlowesha mgongo, na ndani humo kuna kiyoyozi.

Saa tisa akatoka msimamizi wao, kijana anaitwa Yunusi, ndevu zimechongwa vizuri. Akanikuta bado nimekaa.

"Shikamoo, mzee. Uko hapa tangu asubuhi?"

"Marahaba. Tangu asubuhi."

"Basi karibu ndani. Uone kazi ya mwanao."

Kijana yule alikuwa na moyo mwema. Nimejaribu sana kumchukia na sijaweza. Angeniacha pale na kikapu changu, maisha ya mtu yangekuwa mengine. Akanipa kiti, mstari wa mbele.

Alianza Ahmadi. Picha yake ikatokea ukutani, kubwa: mlima mrefu, umechongoka kama penseli mpya, kileleni ni mweupe, unametameta. Nikamgusa bwana aliyekaa jirani yangu.

"Ile nyeupe ni nini?"

"Theluji, mzee."

"Uluguru?"

"Shh, mzee."

Ahmadi akajieleza. Akasema weupe ni usafi, usafi ni ubaridi, ubaridi ni mteja akiwa Dar kwenye jua kali anaiona chupa na koo lake linaitika. Alisema vizuri, lazima nikiri. Alipomaliza mimi mwenyewe nilikuwa na kiu. Wakampigia makofi.

Magdalena alikuwa wa mwisho. Picha yake ilipotokea, nilinyamaza, na wanaonifahamu wanajua hilo linatokea mara ngapi. Ulikuwa mlima wetu, kama unavyouona ukiwa Mlali, ukitazama kule juu. Matuta ya kabichi yamepanda ngazi kwa ngazi, njia nyembamba inapita katikati, maji yanateremka kwenye kunjo la mlima, na wingu limekaa juu kama mama aliyejitanda khanga kichwani asubuhi ya baridi. Hakuwa amechora mtu hata mmoja. Lakini ungeapa dada yangu Catherine yumo mle, ameinama tu kidogo, sasa hivi atainuka.

Yunusi akasogea karibu na ukuta.

"Dada Magdalena, mkono wako ni mzuri sana. Nina swali moja. Huu ni mlima gani?"

"Uluguru."

"Mbona haufanani? Mtu akisimama Msamvu mjini akitazama juu, haoni hivi. Minara ya pale kileleni Bondwa iko wapi? Mteja wetu atajuaje kwamba hapa ni Morogoro? Tueleze ulikuwa unafikiria nini."

Magdalena akafungua mdomo. Nilimwona. Alivuta pumzi, jibu likiwa tayari, na uso wake ulikuwa umetulia kama uso wa mtu anayejua njia.

Nami nikasimama.

Swali limeulizwa na mgeni, mbele ya watu, kuhusu mtoto wa dada yangu. Miguu ilinyanyuka yenyewe.

"Ndugu zangu," nikasema, "mimi ni mjomba wake. Huo ndio Uluguru wenyewe, huo mnaouona ninyi ni kisogo. Mimi mlima huo nimeupanda mara mia tatu, mara moja nikiwa na gunia la viazi begani na mbuzi mkononi, nikakutana na chui. Akaniangalia. Nikamwangalia. Chui akanipisha njia."

Wakacheka. Ee, ndugu zangu, walicheka, na kicheko cha watu wa ofisini ni kitamu, hukipati kila siku. Nikaendelea. Nikawaeleza babu yangu alivyomwonyesha padri wa kwanza njia ya Mgeta. Nikawaeleza habari za kabichi moja niliyoivuna, iliyobebwa na watu wawili. Walicheka tena, safari hii kidogo. Kisha nikaona mmoja anatazama saa.

"Ahsante sana, mzee wangu," Yunusi akasema. "Tungependa sasa tumsikie mwenyewe."

"Huyu ni mwanangu. Mimi ndiye msemaji wake."

"Ni kweli, mzee. Lakini kuna alama za kujieleza." Akamgeukia. "Dada Magdalena? Una la kuongeza?"

Magdalena akanitazama. Nilikuwa bado nimesimama, kifua mbele, kama kuku wa ubavuni mwa gari. Ningekaa chini tu, ningekaa chini, angesema. Lakini mimi nilidhani ananitazama kwa fahari.

"Hapana," akasema. "Mjomba amesema."

Yunusi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Aliandika kifupi sana.

Tulirudi na lori lile lile, matenga matupu yanagongana nyuma yetu. Mpaka Mzumbe sikuacha kuongea. Nilimwambia nilivyowaweza, walivyocheka, kwamba kazi ameipata, labda kama hawana akili. Baadaye nikamwuliza, hivi hivi tu, kwa mazungumzo:

"Wewe ungewajibu nini?"

Alikuwa anatazama mlima, jua likiwa limeshuka upande wetu.

"Ningewaambia mlima mnaouona mjini ni mlima uliokaa kupigwa picha. Mimi nimeuchora ukiwa kazini. Na maji yanatoka pale unapofanyiwa kazi. Mtu akinunua chupa, anunue maji, asinunue picha."

Lori likaendelea. Sasa ndipo nilipofunga mdomo, na saa tisa ilikuwa imepita zamani.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, barua kwenye simu. Nilimlazimisha anisomee yote. Ustadi, thelathini na nane. Ubunifu, ishirini na saba. Kasi, kumi na nne. Kujieleza, sifuri. Chini yake maoni: mandhari haitambuliki kuwa ya Uluguru, na mshiriki hakuweza kuitetea kazi yake. Aliyeshinda alimpita kwa alama tano. Tunakutakia kila la heri.

Darasa la sita linatosha kufanya hesabu hiyo. Niliifanya palepale, kisha nikaifanya tena nikitumaini nimekosea.

"Mjomba," akaniambia, "usijali. Hata ningesema, wangetafuta minara."

Alisema hivyo kwa ajili yangu. Hakuna adhabu mbaya kama mtu uliyemvunja kukufunika shuka.

Kesho yake nilimwambia naenda mjini kutafuta dawa ya mgongo. Sikwenda kwenye dawa. Nilikwenda kwenye jengo la vioo, bila kikapu, nikamsubiri Yunusi mpaka akatoka kula. Nikamwambia: kosa ni langu, kwetu mpwa hasemi mjomba akishasema, mpigieni simu, mwulizeni tena lile swali, jibu analo. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama juani na sahani yake ya ubwabwa.

"Mzee wangu, ningejua," akasema. "Lakini nafasi ilikuwa moja. Ahmadi ameanza jana."

"Ikitokea nyingine?"

"Umri wake, mzee. Mfumo wenyewe utamkataa kabla mimi sijamwona."

Nikarudi. Magdalena akaniuliza dawa iko wapi. Nikasema ilikuwa imekwisha dukani.

Masika yalipoanza alishika jembe. Mimi ndiye niliyemwonyesha mpaka kwa kidole, ndiyo kazi yangu. Brashi za fundi Luqmani zimo kwenye kopo juu ya dirisha la jiko, manyoya yamekauka yakakunjana. Katekista alikuja mwezi wa sita akisema jina la kigango linaandikwa upya, nikamkimbilia nje kwa furaha, kumbe alikuja kuomba kuazima ngazi tu, ya kutundikia bango. Plastiki. Magdalena alimshikia ngazi.

Watu husema kipaji hakipotei. Kinapotea. Mimi nimekiona kinavyopotea, hakipigi kelele, kinapotea kama maji kwenye tuta lisilo na kingo. Matuta yake wala hayajanyooka kuliko ya wengine, msije mkadhani. Ni matuta tu. Siku hizi nikimwambia, "Magda, nichoree hata pua yangu," anasema amechoka, na kweli amechoka. Jioni anakaa na mikono mapajani, viganja vimetazama juu, kama vitu alivyoazimwa, naye anasubiri mwenyewe aje kuvichukua.

Lakini msikate tamaa, ndugu zangu, hadithi haijaisha, ingawa Magdalena amekuja kusimama nyuma yangu anasoma ninayoandika. Jumanne iliyopita, mimi nikiwa nimekaa hapa hapa kibarazani, likaja gari jeupe, refu kutoka hapa mpaka kwenye ule mgomba, likazama kwenye tope, akashuka Yunusi mwenyewe, viatu vyake vya mjini vimejaa matope mpaka magotini, nyuma yake mkurugenzi, nyuma ya mkurugenzi watu wa televisheni wamebeba kamera, wote wanaita kwa sauti moja, yuko wapi Magdalena, tumeuona mlima kwa upande huu, tulikosea, na yule wa theluji tumemfuku

"Mjomba, Jumanne tulikuwa wote tunapalilia. Gari gani?"